Ulimi wa Mjomba Esau

Kijijini kwetu Merritt's Arm hatupigi hodi. Mlango unausukuma, unaingia, unavuta kiti karibu na jiko, na kabla hujamjulia hali mwenye nyumba umeshajimiminia chai. Wanaopiga hodi ni polisi, mchungaji mgeni na watu wa serikali. Kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu Shangazi Tryphena kuingia jikoni kwa Mjomba Esau asubuhi moja ya Julai, buti zikiwa bado miguuni, na kumkuta amesimama dirishani akilamba kijiko.

"Unakula nini tena asubuhi yote hii?"

"Siki," Esau alisema, akafunika chupa haraka. "Koo linaniwasha."

Koo halikuwa na neno. Yaliyokuwa moyoni mwake alinieleza mwenyewe baadaye, kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje. Homa iliyompata baada ya Krismasi ilipomwachia iliondoka na ladha yote ya mdomo wake. Nyama ya chumvi akawa anaitafuna tu, chai ikawa maji ya moto. Kila alipoamka alijaribu siki, kisha haradali, kisha chumvi yenyewe, na kila siku ilikuwa ileile. Hakuwahi kuoa, hakuna aliyepika naye, basi hakuna aliyegundua.

Kwa mtu mwingine hasara hiyo ingeishia tumboni. Kwa Esau ilikuwa hasara ya jina.

Hapa kwetu barabara inaishia kanisani. Kuni, mawindo, vibanda vyetu vya porini, vyote viko ng'ambo ya vinamasi na mito, na huko huendi bila pikipiki ya matairi manne, ambayo sisi tunaiita baiki tu. Lakini kila mwenye baiki ana boti pia, na wavivu hawakosekani. Badala ya kusubiri gari, mtu anafunga tela la boti nyuma ya baiki, anairudisha kinyumenyume mpaka baharini, maji yanafika kwenye kiti. Maji ya mto hayadhuru. Baiki nzuri itavuka mito mpaka mwenyewe azeeke. Maji ya bahari ni habari nyingine. Yanakauka, chumvi inabaki, inatafuna waya na beringi kimyakimya huku rangi inameta kama siku ya kwanza. Siku moja mashine inazima, na haizimi uani kwako. Inazima katikati ya mto, ukiwa na mzigo na mtoto.

Ndiyo maana mnunuzi wa kwetu haanzi na ukubwa wa injini. Anauliza, "Imewahi kuvuta boti?" Na tangu baiki zije duniani hajatokea muuzaji aliyejibu ndiyo. Hapo ndipo alipohitajika Mjomba Esau. Alilala chali chini ya mashine, akalowesha kidole, akakipitisha ndani ya fremu juu ya pa kuwekea mguu, mahali ambapo mpira wa maji haufiki, akakiweka ulimini. Akisema "tamu," unanunua. Akisema "chumvi," unarudi nyumbani na tela tupu. Mashine ingeoshwa mara ngapi sijui, ulimi ule uliikamata. Muuzaji mmoja wa ng'ambo ya ghuba alipomwona Esau amesimama nje ya duka aligeuza gari hapohapo, hata sigara aliyoijia hakununua.

"Nataka baiki," alisema Shangazi Tryphena.

"Unataka kwenda wapi? Nitakupeleka."

"Nimesema unipeleke? Nimesema nataka baiki. Yangu, niiendeshe mimi."

Esau alimtazama. Tryphena alikuwa mjane wa Ambrose, na Ambrose alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Kila Agosti wawili hao walivuka mto Big Brook kwenda kuchuma beri za kinamasi, Ambrose mbele, mkewe nyuma na ndoo.

"Maisha yangu yote nimekaa nyuma, Esau. Shingo ya Ambrose naijua kuliko ninavyoijua njia. Tangu tumzike, kila mwanamume wa hapa anajitolea kunibeba kama gunia la viazi. Mawifi zangu wanasema nikae nyumbani nifume soksi. Mwaka huu nitavuka mwenyewe, au sitavuka tena."

"Umeshaona yoyote?"

"Iko moja mjini, ya bluu. Kubwa, ina redio."

"Redio!" Esau alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi akajisikia mtu. "Ile nzito kuliko ng'ombe, mama. Ikikulalia mtoni utaiinua na nani, na mtangazaji? Nisikilize. Mashine ya mto si ya fahari. Iwe nyepesi uweze kuisukuma. Bomba lake la kuvuta hewa liwe juu, karibu na usukani, maana injini ikimeza maji imekwisha. Tumbo lake liwe juu ya mawe, na liwe na bamba la chuma. Winchi mbele, ya kujivuta kwa kamba ukikwama. Tairi za meno makubwa. Na usiniletee usukani wenye mota ya umeme, mikono yako ina nguvu ya kutosha, nimekuona ukikanda unga."

Hayo yote aliyajua, na hayakuhitaji ulimi. Laiti biashara ingeishia hapo.

Baiki waliyoipata ilikuwa nyekundu, ya Lorne, mtu wa bandari ya jirani mwenye meno mazuri na maneno mengi. Kila alichokitaja Esau ilikuwa nacho: nyepesi, bomba la hewa juu, winchi, bamba. Mimi nilikuwapo, ndimi niliyewapeleka na gari langu.

"Shangazi yangu," Lorne alisema akikipapasa kiti, "hii haijaiona bahari hata kwenye picha."

"Boti yako unaivuta na nini basi?" Tryphena aliuliza.

"Na shemeji yangu." Lorne akacheka peke yake.

Esau alilala chini. Chini kote kulikuwa kumepakwa mafuta mapya, na akajiuliza ni nani anayepaka tumbo la mashine mafuta kama anampaka mtoto. Alijiuliza, lakini hakusema. Alipitisha kidole, akakiweka ulimini, akangoja. Hakupata kitu. Hakupata kitu, kama ambavyo hakupata kitu Aprili alipomwonjea Randell, kijana wa hapa kwetu, wala Mei aliponionjea mimi. Kila mara alikuwa ameangalia rangi ya waya na macho ya muuzaji, akakisia, na mpaka siku hiyo hakuna iliyokuwa imeleta shida. Aliniambia kwamba pale chini, jiwe likimchoma mgongoni, alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni fupi: sijui. Angelisema tungemshukuru, tungetafuta ulimi mwingine. Lakini aliviona viatu vyetu vimejipanga kumzunguka, vinangoja, na akaona aibu ya kuwa mzee ambaye hata ulimi wake umestaafu.

Tryphena aliinama. "Hebu nami nionje, nijifunze."

"Acha, mama. Hii si kazi ya kila ulimi. Utachafua kinywa bure."

Alisema hivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Akatoka chini, akajifuta, akasema, "Tamu."

Lorne ndiye aliyeshangilia kuliko wote, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili. Hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwamo. Baiki aliileta mwenyewe kesho yake.

Agosti tulikwenda beri. Mvua ilikuwa imenyesha, Big Brook ilikuwa imejaa, lakini si ya kutisha, maji ya mapajani kwenye kivuko. Tulikuwa Esau, Shangazi Tryphena, Randell na ndugu zake wawili waliopanda nyuma, na mimi. Njia nzima Tryphena aliendesha vizuri, tena kwa madaha, ndoo nyeupe ya Ambrose imefungwa nyuma yake. Randell alimtania. "Shangazi, punguza mwendo, polisi wa moyo wangu wamekuona!" Naye akamjibu bila kugeuka, "Tumia mdomo huo kumwita mkeo, mimi nina kazi."

Kwetu aliyechagua mashine huvuka kwanza, kisha husimama ng'ambo kumwangalia mwenye nayo. Esau alivuka, akazima, akageuka. Tryphena akaingia majini. Aliketi wima, macho mbele, akikata mkondo mshazari kama ipasavyo. Alipofika katikati alitabasamu. Nilimwona, na Esau alimwona.

Kisha injini ikakata. Haikukohoa, haikulalamika, ilikata tu, na sauti iliyobaki ni ya maji. Alibonyeza kiwashio, hakuna. Mkondo ukaanza kuisukuma baiki ubavu, gurudumu la nyuma likateleza kwenye jiwe, mashine ikainama.

"Ruka juu! Ruka upande wa juu wa mkondo!" Esau alipiga kelele.

Tryphena aliruka. Maji yalimfika kiunoni, akashika rafu ya mizigo ya mbele kwa mikono miwili. Randell alishaingia na kamba ya winchi, ndugu zake nyuma yake wameshikana mikono. Esau naye alijitosa kutoka ng'ambo, akaanguka, akainuka, akafika wa mwisho. Tulimtoa mama wa watu mpaka ng'ambo akitetemeka, midomo imekuwa ya zambarau. Baiki yake tuliivuta baadaye, na zetu tukazivusha. Ndoo ya Ambrose ilifunguka ikaenda na maji. Tuliiona ikizunguka kwenye kona, nyeupe, halafu hatukuiona tena. Yeye hakulia kwa ajili ya baridi. Alilia kwa ajili ya ndoo.

Tuliwasha moto, tukamvika makoti yetu. Birika likawekwa. Kulikuwa na mkate, kopo la maziwa, sukari, na chumvi ya samaki tuliotegemea kuwakaanga. Randell alifungua kifuniko cha baiki nyekundu. Waya ndani zilikuwa za kijani, unga mweupe umejaa kwenye maungio. Akapitisha kidole ndani ya fremu, akaonja, akatema mate mbali.

"Chumvi tupu! Mjomba, si uliionja hii?"

Sote tukamgeukia Esau. Alikuwa amekaa kwenye gogo, maji yakimchuruzika.

"Niliionja," alisema. "Ilikuwa tamu. Lorne ameivutia boti baada ya mimi kuondoka, kabla hajaileta. Ndivyo ilivyo. Hakuna namna nyingine."

Basi Lorne alichambuliwa pale kama samaki. Ndugu wa Randell wakasema twende leo hii tukamtoe yale meno. Mimi nilikuwa na hasira kuliko wote, nikaongeza na ya kwangu. Esau alikaa akitazama buti zake, na sisi tukadhani ni uchovu. Kumbe kila tulipolitaja jina la Lorne yeye alizidi kuzama. Aliniambia alitamani mto ungemchukua yeye ukaiacha ndoo.

Tryphena hakuchangia matusi yale. Alikuwa anamtazama Esau tu, kama asubuhi ile alipomkuta na kijiko cha siki. Kisha akasimama na makoti yake yote, akasema chai ataitengeneza mwenyewe, imtie joto mikononi. Alitugawia kikombe kimojakimoja. Cha Esau alikichelewesha kidogo, ameupa moto mgongo, kisha akampelekea na kuketi karibu naye.

"Kunywa, Esau. Umelowa."

Esau akanywa. Akapiga mafunda makubwa, kwa kuwa baridi ilikuwa kweli.

"Sukari imekolea?"

"Imekolea, mama. Tamu kabisa. Mungu akubariki."

Tryphena alikichukua kikombe mkononi mwake taratibu, akakionja kwa ncha ya ulimi, uso ukamkunjamana, akatema pembeni. Mimi nilikuwa jirani nao, nikaona. Nilidhani chai imeungua.

"Nimetia chumvi vijiko vitatu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tangu lini?"

Esau alikikodolea macho kile kikombe.

"Tangu lini, Esau?"

"Tangu ile homa."

"Na uliponiambia si kazi ya kila ulimi?"

Kichwa kilimwinamia mpaka nikaona upara wake wote. Nimewahi kumwona mtu huyu akizika wazazi, sijawahi kumwona ameinama vile.

"Lorne aliniambia uongo," Tryphena alisema. "Nilijua ataniambia uongo, kazi yake ni hiyo. Ndiyo maana nilikuchukua wewe." Akamrudishia kikombe. "Mimi nimelowa tu, nitakauka. Lakini wale wanapanga kwenda kumpiga mtu kwa neno lako. Na hiyo ya Randell uliionja Aprili. Unajua anampakia nani."

Tulijua sote. Nyuma ya baiki ya Randell kulikuwa na kiti kidogo cha rangi ya waridi alichokitengeneza mwenyewe, kimefungwa kwa boliti nne. Binti yake alikuwa na mafua siku hiyo, la sivyo angekuwa nasi.

Esau akainuka. "Vijana," akasema. Hawakumsikia, walikuwa bado kwenye meno ya Lorne. "Vijana! Mwacheni Lorne. Sikuonja kitu. Mimi sina ulimi. Tangu Januari sionji, si chumvi, si sukari."

Wakacheka. Ndugu mdogo wa Randell akasema, "Mjomba, baridi imekuingia kichwani, sogea motoni."

Basi akamnyooshea kile kikombe. "Nimekinywa hiki nikasema kitamu. Onja."

Kijana akaonja, akatema kwenye moto, moto ukalia. Kikombe kikapita. Wa pili akatema. Mimi nikaonja, ilikuwa bahari yenyewe, na maziwa juu yake. Mwisho kikamfikia Randell. Yeye hakutema. Alimeza, akakiweka kikombe chini juu ya jiwe, akaenda kwenye baiki yake.

Nasi tukaenda, kila mwenye baiki kwenye yake. Mtu angepita pale angetucheka mwaka mzima, wanaume wazima wamelala chali kwenye matope, wanalamba vidole. Yangu niliionja mara mbili. Mara ya kwanza nilitumaini kwamba ni ile chai iliyonibaki mdomoni, nikasukutua kwa maji ya mto, nikaonja tena. Ilikuwa chumvi. Nilibaki nimelala pale chini, nikawaza jinsi nilivyomcheka mke wangu alipotaka kuifungua mwenyewe aangalie waya. Nilimwambia Mjomba Esau ameshaonja.

Randell alisimama akatafuta spana. Alizifungua boliti moja moja, akakitoa kile kiti cha waridi, akakishika kifuani kama anayemshika mtoto mwenyewe. Hakumtazama Esau hata kidogo, na nadhani Esau angependa zaidi apigwe.

Ilibaki namna ya kurudi. Mashine nzima pale ilikuwa moja, ya Esau mwenyewe, aliyoionja zamani alipokuwa mzima. Tryphena alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

Akampa. Tryphena akapanda mbele, akakaza makoti, akawasha. Esau alisimama akijipapasa mifuko kama aliyesahau kitu, kisha akapanda nyuma, mahali alipokaa Tryphena maisha yake yote, akashika vyuma vya pembeni. Walivuka kwanza. Sisi tulivuka mmojammoja na baiki zetu, tumefungana kwa kamba, ile nyekundu tukiiacha pale, na hakuna aliyetania.

Waliingia Merritt's Arm mchana kweupe, watu wako uani wanaanika nguo. Wote walimwona Esau amebebwa. Mmoja alipunga mkono, akaushusha nusu njia. Tryphena hakupunguza wala hakuongeza mwendo.

"Umemwonjea nani mwingine?" alimuuliza bila kugeuka.

"Cluny. Juni."

Akakata kona kuelekea kwa Cluny, akasimamisha mbele ya ngazi, akazima. "Nitakusubiri," alisema.

Esau alishuka. Nyumba ile aliingia tangu akiwa na kaptula. Sufuria za humo alizijua zilipo. Mimi nilikuwa nimefika nyuma yao, nikamwona anapanda ngazi, anavua kofia, ananyoosha mkono kwenye kitasa, anaurudisha. Akakunja vidole, akagonga.

"Nani huyo?" sauti ya Cluny ikatoka jikoni, ya mtu aliyeshtuka. "Mlango uko wazi!"

"Ni mimi. Esau."

"Esau? Sasa unagonga nini, mtu wewe? Ingia!"

Hakuingia. Alisubiri pale nje na kofia mkononi, mpaka Cluny alipokuja mwenyewe kumfungulia.